Robo ya Kosa la Norris Kibao

Gazeti la Hebbleton hutoka Alhamisi, na Alhamisi ile halikuandika habari za vita wala za bei ya gesi. Nusu ya ukurasa wa kwanza ilikuwa picha ya taa ya gari iliyopasuka, na juu yake maandishi meusi kama tanzia: MAGARI MAWILI YAGONGANA KWENYE NJIA TUPU. Freda, mwenye mgahawa, aliukata ukurasa ule na kuubandika ukutani juu ya birika la chai. Alisema amefanya hivyo kwa huruma tu, ili mpenzi wetu Norris, maana Hebbleton kila mtu huitwa mpenzi, asihangaike kulinunua.

Mpenzi wetu Norris alikuwa ameketi chini ya picha ya taa yake mwenyewe, kikombe mkononi, funguo za gari mezani mbele yake. Jina lake kamili ni Norris Thackray, lakini pale kijiweni hakuna aliyelitumia. Walimwita Kibao, kwa sababu tangu utotoni hajawahi kupita karibu na kibao bila kukisoma chote kwa sauti. Siku ya ndoa yake, marehemu mkewe alisimama mbele ya kasisi mpaka maua yakaanza kusinyaa, kumbe bwana harusi yuko nje ya kanisa anasoma tangazo la mahali pa kuegesha baiskeli. Na hakuwa hata na baiskeli.

Nje ya dirisha mvua ya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, ilikuwa kazini, ile isiyonyesha wala kuacha. Foleni ya magari ilianzia darajani, walikokuwa wanachimba, ikapita mbele ya mgahawa na kupotelea mlimani. Kando yake, upande wa kushoto, ilikuwapo njia ya mabasi, imepakwa rangi nyekundu, tupu kama mfuko wa mlevi asubuhi ya Jumatatu. Kibao chake kilisema wazi: mabasi tu, saa moja mpaka saa tatu na nusu asubuhi. Sasa saa tatu na nusu ilikuwa imeshapita. Njia ilikuwa ya kila mwenye matairi. Na hakuna aliyeingia.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa miaka yote. Tangu rangi ile ikauke, watu wa Hebbleton walikuwa wanaiheshimu njia ya mabasi saa zote, hata Krismasi mabasi yanapolala. Waliothubutu kukanyaga humo nje ya saa ni wawili tu, Norris na bibi mmoja aitwaye Thelma Garside, na walithubutu siku moja, mahali pamoja, wakagongana.

Asubuhi ile kampuni ya bima ilikuwa imempigia Norris simu. Hukumu imetoka: Bi Thelma robo tatu ya kosa, yeye robo. Mtu mwingine angeshukuru. Lakini Norris alikuwa na binti, Hester, na Hester alikuwa amemwambia tangu siku ya ajali: Baba, una miaka sabini na tisa, wakikuona na kosa lolote, utanipa funguo. Norris alikubali mbele ya mashahidi. Sasa Hester alikuwa njiani anakuja kuzichukua.

Kulikosa gari si kitu, mtu atapanda basi. Tatizo ni kwamba Norris hupiga tarumbeta la besi katika bendi ya mji, na tarumbeta lenyewe lina ukubwa wa ndama. Aliwahi kujaribu kulipandisha basi. Dereva akalitazama, akamtazama na yeye, akamwambia achague ni nani kati yao atakayesafiri. Bila gari hakuna bendi, na bila bendi Norris angebaki na nini? Mke hana, mbwa hana, na vibao vyote vya mji ameshavisoma. Na siku hiyohiyo, saa tano, bendi ilikuwa na mashindano katika ukumbi ulio hukuhuku upande wa kushoto, kabla ya kufika darajani. Tarumbeta lilikuwa garini, limefungwa mkanda kwenye kiti cha mbele kama mjomba aliyealikwa.

"Robo ya kosa si kosa," alisema Jaji.

Huyu Jaji ni Lionel, fundi mabomba mstaafu. Zamani sana aliitwa mahakamani kuwa mmoja wa wazee wa baraza katika kesi ya kondoo aliyeibwa, na tangu siku hiyo hajawahi kushuka kitini. Ndiye aliyemtia Norris maneno. Kila siku alikuwa akimwambia kijiweni: njia ile ni haki yako, kodi unalipa, kibao umesoma, unaogopa nini? Mpaka Norris akaingia.

"Robo ya kosa ni kosa," akajibu Mama Foleni. "Umewahi kuona mwanamke mwenye robo ya mimba?"

Mama Foleni ni Enid, na jina lake hakulipata bure. Inasemekana siku moja aliona watu wamepanga mstari sokoni, akajiunga bila kuuliza ni wa nini, kwa sababu kuuliza ni utovu wa adabu. Jioni alirudi nyumbani amechanjwa kichaa cha mbwa. Alikuwa akimpenda Norris tangu shule, lakini katika jambo hili hakuwa na huruma hata ya kuazima. Kwa Enid, kosa halikuwa kugonga. Kosa lilikuwa kuwapita wenzake waliopanga mstari.

"Sheria inaniruhusu, Enid," alisema Norris kwa unyonge.

"Sheria inakuruhusu pia kula supu kwa mikono, Kibao. Mbona huli?"

Freda akaleta mkate wa kubanika, na hapo Jaji akaona ushahidi. Akalaza kipande kimoja mezani, akasema hii ndiyo njia ya mabasi. Chupa ya sosi nyekundu akaisimamisha kando, ikawa lile lori lililokuwa kwenye foleni. Yai la kukaanga likawa gari la Norris. Soseji ikawa Bi Thelma, anatoka upande wa pili wa barabara, anataka kukata kulia apite mbele ya lori na kuivuka njia ya mabasi, aingie kwa msusi wake.

Mambo yenyewe yalikwenda hivi, na Norris alikuwa ameshayasimulia mpaka ulimi umeota sugu. Siku ile aliingia njia ya mabasi kihalali, saa tatu na nusu imeshapita, mwendo wa mtu anayefuata jeneza. Lakini alipoanza kuyapita magari ya watu waliosimama, moyo ukamsuta. Kila dereva aliyempita alimtolea macho. Basi Norris akaona si vibaya kuomba radhi. Akawa anageuza uso kulia, anainua mkono, samahani. Gari la pili, samahani. La tatu, samahani bwana. Aliomba radhi foleni nzima, mmoja mmoja, kama askofu anayebariki.

Kule mbele, dereva wa lori alimwona Bi Thelma anasubiri kukata kona, akampigia taa apite. Thelma, mwanamke mwenye malezi, akaingia huku ameinua mkono kumshukuru. Wakati huohuo Norris naye amefika ubavuni mwa lori, ameinua mkono kumwomba radhi. Dereva wa lori akajikuta anapungiwa kushoto na kulia. Angefanya nini? Aliwapungia wote wawili. Thelma akaelewa: pita mama. Norris akaelewa: hamna neno mzee, endelea. Wakaendelea wote wawili, mikono juu, wanatabasamu, mpaka vyuma vikakutana.

"Mwenda pole hajikwai," alisema Freda kutoka kwenye jiko lake. "Huyu wetu alikwenda pole, na akajikwaa kwenye mtu mwingine anayekwenda pole."

Jaji akaisogeza soseji, akaeleza. Anayekata kona ndiye mwenye wajibu wa kutazama. Kupigiwa taa si kupewa barabara, lori si polisi. Njia ikishapita saa zake ni njia kama nyingine, kila mtu ategemee kukuta gari humo.

"Nani ategemee?" akauliza Enid. "Mimi nimeishi hapa maisha yangu yote. Pale ningetegemea kukutana na mbuni kabla ya gari. Thelma aliniambia mwenyewe kwamba alitazama, akaona njia ya mabasi, akasema ah, ni njia ya mabasi, hakuna mtu."

"Basi ndiyo maana kapewa robo tatu."

"Na huyu kapewa robo kwa nini?"

Hapo Jaji akakohoa. Alijua kwa nini. Msichana wa bima alimwuliza Norris kwenye simu, mzee, ulikuwa unatazama wapi? Na Norris, ambaye hajui kusema uongo hata kwa daktari wa meno, akajibu: nilikuwa natazama kulia, mpenzi, nilikuwa naomba radhi. Msichana akauliza nani alisema samahani kwanza baada ya kugongana. Hilo Norris hakuweza kulijibu. Yeye alisema, Thelma alisema, dereva wa lori alishuka akasema, na mama mmoja aliyekuwa anapita na mbwa naye alisema. Kampuni ya bima ikajikuta na watu wanne waliokiri, na mmoja wao alikuwa kwa miguu.

"Ungefunga mdomo," alisema Jaji. "Mahakamani, samahani ni kitanzi."

"Sasa nimgonge mama wa watu halafu nimkodolee macho?"

"Ndiyo. Umkodolee macho, uandike namba ya gari lake."

Enid akasema bora kunyongwa kuliko kuishi hivyo, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo Norris alikubaliana naye. Huku wanabishana, Enid akaichukua njia ya mabasi, akaipaka siagi, akaitafuna. Jaji alipogeuka kuonyesha mahali pa ajali hakukuta kitu, yai linaelea kwenye meza tupu. Akalalamika kwamba ushahidi umeharibiwa. Enid akamwambia kesi ya nyani hakimu ngedere, apitishe na soseji.

Freda ndiye aliyemwona kwanza. "Norris mpenzi, gari la kijani lile si la Hester?"

Wote wakahamia dirishani. Mbali, karibu na kituo cha mafuta, gari dogo la kijani lilikuwa limebanwa kati ya gari la mkate na lori la mchanga. Ndani yake Hester, wima, mikono miwili kwenye usukani. Linasogea hatua moja, linasimama. Kushoto kwake njia nyekundu, tupu, inang'aa kwa mvua, mpaka mlangoni mwa mgahawa.

Si kila mtu hupewa nafasi ya kuitazama hukumu yake ikija kwa mwendo wa konokono.

Jaji akamshika bega. "Ondoka sasa hivi. Gari liko mlangoni, ukumbi uko hapo mbele. Mpaka afike hapa umeshapiga, umeshinda, umerudi, na umeoa."

"Niliahidi."

"Uliahidi kumpa funguo akifika. Hajafika."

Norris akarudi mezani, akazitazama funguo. Kusema kweli zilimwita. Mkono ulisogea kidogo, halafu ukarudi kwenye kikombe. Mtu aliyesoma vibao maisha yake yote na kuvitii hawezi kuanza utoro uzeeni. Akaketi. Akamwomba Freda chai nyingine, akasema kama ni mwisho, basi mwisho umkute ameshiba.

Gari la kijani likafika kwenye duka la dawa. Likasimama. Enid akasema kwa upole kwamba mtoto yule kalelewa vizuri, tazama anavyosubiri. Jaji akasema mtoto yule angekuwa ameshafika kama angejua kusoma. Gari likafika kwenye kibao chenyewe cha njia ya mabasi, likasimama sambamba nacho, na Hester akaonekana anakitazama. Kijiwe kizima kikabandika pua kwenye kioo. Hata mafuta kwenye kikaango yalionekana kupunguza kelele. Hester alikisoma, hapakuwa na shaka, midomo ilicheza, tabia ya baba. Akatazama njia tupu. Akatazama watu nyuma yake kwenye kioo. Akatazama mbele, akakaa hivyohivyo.

"Safi," alinong'ona Enid.

"Msiba," alinong'ona Jaji.

Alipofika hatimaye kwenye maegesho ya mgahawa, chai ya Norris ilikuwa imepoa na saa ya ukutani ilikuwa inaikimbilia saa tano. Hester aliingia mvua inaning'inia kwenye nywele, uso umemwiva kwa hasira. Alisalimia wote, kwa sababu hasira haiondoi adabu, kisha akaenda moja kwa moja mezani.

"Baba. Bima wameniambia."

"Robo tu, mwanangu."

"Tulisema kosa lolote."

"Tulisema." Norris akazisukuma funguo kwa kidole kimoja mpaka upande wake. Zilitoa mlio mdogo juu ya meza. Akawa anatazama kikombe.

Hester alitegemea ugomvi, na ugomvi haukuja. Akasimama na funguo mkononi, hajui afanyeje na ushindi wake. Akasema, kwa sauti iliyolainika, kwamba hakuja kumnyima bendi. Atamwendesha yeye. Kuanzia leo kila mazoezi, kila mashindano, atampeleka na tarumbeta lake. Ameomba ruhusa kazini. Ndiyo maana alitoka nyumbani mapema, tena mapema sana.

"Na mbona umechelewa?" aliuliza Norris. Aliuliza tu, bila hila. Mzee wa watu alikuwa anataka kujua.

"Foleni, baba. Hukuiona?"

"Niliiona. Na njia ya mabasi je? Kibao kinasema..."

"Najua kinasemaje. Nimesimama mbele yake mpaka nimekihifadhi."

"Sasa?"

Hester akageuza uso. "Watu wangeniangalia."

Hakuna aliyecheka. Jaji alifungua mdomo, Freda akamtia kipande cha soseji. Enid alimpapasa Hester mgongoni, akamwambia amefanya vyema, hakuna haja ya kueleza.

Norris akatazama saa ya ukutani. "Bendi inapanda jukwaani saa tano, mwanangu. Foleni ya hapa mpaka ukumbini ni kama hiyo uliyotoka nayo. Tukikaa kwenye mstari, tutafika wakati wanafagia ukumbi."

Hester akasema basi atapita njia ya mabasi. Alisema kwa kujikaza, kama mtu anayejitolea kutolewa jino. Baba na binti wakatoka. Kijiwe kikawafuata mpaka mlangoni.

Gari la Norris lilikuwa limeegeshwa kando ya njia nyekundu, limeielekea. Tarumbeta limekaa kiti cha mbele na mkanda wake, kwa hiyo Norris akajipenyeza nyuma. Hester akawasha moto, akawasha na taa ya kushoto ingawa hakuna pa kwenda isipokuwa mbele. Akasogea kidogo. Dereva mmoja kwenye foleni akageuza kichwa. Hester akasimama. Akasogea tena. Mwanamke mmoja akashusha kioo, pengine kwa ajili ya hewa tu. Hester akazima moto.

Alikaa hivyo, mikono kwenye usukani, mvua inacheza kwenye kioo. Huku nyuma Norris alikuwa na mengi ya kusema, kuhusu haki, na sheria, na alichokisoma, lakini aliona shingo ya binti yake imekuwa nyekundu kuliko njia yenyewe, akamkumbuka yeye mwenyewe siku ile, mkono juu, anaomba radhi foleni nzima. Akanyamaza.

Mlango wa dereva ukafunguka. Hester akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa nyuma.

"Endesha wewe, baba. Mimi siwezi."

"Na funguo?"

"Zimo kwenye gari. Kaa nazo."

"Leo tu?"

Hester akatazama foleni, foleni ikamtazama. "Kaa nazo, baba. Robo ya kosa si kosa. Toka upesi nipate kuingia."

Wakabadilishana. Norris akakaa kwenye usukani wake, akarekebisha kiti, akarekebisha kioo, akavuta mkanda wa tarumbeta kuhakikisha umekaza. Hester alijilaza kiti cha nyuma chali, magoti yamekunjwa, koti limefunika uso. Kwa mtu wa nje, ilionekana mzee mmoja anakwenda matembezini na chombo chake cha shaba.

Mlangoni, Jaji alikuwa amevimba kwa fahari. Akawaambia Freda na Enid: mnaona, haki imesimama, mtu mmoja jasiri akitangulia wengine hufuata. Kisha akatazama saa yake, akasema naye ana safari ya upande wa darajani, akaagana nao, akaenda kuchukua gari lake nyuma ya mgahawa.

Norris aliingia njia nyekundu taratibu, kama siku ile. Upande wake wa kulia magari yakaanza kupita, moja moja, na ndani ya kila moja uso. Kwenye kioo cha pembeni alimwona Jaji anatokeza kwenye kona. Jaji alisimama. Njia ilikuwa wazi mbele yake, pana, ya halali. Akawasha taa ya kulia, akageuza gari, akapanda mlima kwenda kuutafuta mkia wa foleni.

Norris akaachia pumzi. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani.

"Baba," sauti ikatoka chini ya koti. "Wanatuangalia?"

"Sijui, mwanangu," akasema Norris. "Mimi naangalia mbele."